Watu wa Mchele, Watu wa Sembe

Kabla sijaanza naomba radhi. Mwandiko wangu ni mbaya, herufi zinaegemeana kama abiria waliochoka, na penye dh huenda nimeweka z, na penye h huenda sikuweka kitu. Skuli nilisoma mpaka darasa la saba, huko Pemba, na hata huko nilikuwa nikikaa nyuma ili mwalimu asinione. Naandika polepole. Ukurasa mmoja hunimalizia mapumziko yangu yote ya mchana, nikiwa nimekaa juu ya gunia la dengu kwenye stoo ya duka ninalofanyia kazi, Kingsbury. Kama waliopiga chapa haya wameyanyoosha, shukrani ni zao. Yakibaki yamepinda, ni yangu.

Mimi nina haya tangu udogoni. Nikifurahi sana au nikiogopa sana hushikwa na kwikwi, na mwaka huu nimekuwa na kwikwi karibu kila siku, kwa sababu nimependa.

Duka ni la mama mmoja wa Kigujarati aliyezaliwa Kisumu. Anauza mchele, dengu, viungo, mboga za barafu na unga wa mahindi. Unga huo sisi kwetu tunauita sembe. Yeye husema unga tu: leta unga, panga unga, unga imekwisha. Nilivyokaa naye, mdomo wangu ukabadilika bila kuniomba ruhusa. Na mimi nikawa nasema unga. Naomba mlishike neno hilo, maana baadaye lilinitoka mahali pabaya.

Jumamosi moja aliingia msichana mwenye koti la kijani, akauliza kama tuna mogo. Mogo ndivyo watu wa Kingsbury wanavyouita muhogo, wameutoa Afrika Mashariki wakaupotezea silabi njiani. Nilijua anachotaka. Lakini kulisikia neno lile kwa mtu mwenye sura ya kwetu kabisa kulinichekesha, na kucheka kukaniletea kwikwi. Nikamwambia, muhogo. Akasema, mogo. Nikasema, muhogo. Akacheka mpaka akaegemea friza. Wiki iliyofuata alirudi kununua mogo, na iliyofuata tena, mpaka mama wa duka akaniambia kwamba ama kwao msichana huyu wamefungua mgahawa, ama hatafuti muhogo.

Yeye kazaliwa hapa London. Wazee wake ni watu wa Unguja, wanaishi Harrow, na yeye anafanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno. Kiswahili anakifahamu chote ila anajibu kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza nakifahamu polepole kuliko ninavyoandika. Tukapatana hivi: mimi naongea Kiswahili taratibu, yeye Kiingereza taratibu, na mahali tusipofahamiana tunacheka. Nadhani nusu ya mapenzi yetu iko mahali hapo tusipofahamiana.

Siku zile nilikuwa kama mtu aliyekunywa kitu. Nilipanga makopo ya nyanya kwenye rafu ya sabuni. Nilimrudishia mteja chenji yake, halafu nikamwambia asante kwa kunizaa. Ninaishi Thamesmead kwa ami yangu, yaani mdogo wake baba, na njia ya kurudi kutoka Kingsbury ni ndefu, inakata London nzima. Nilikuwa nikiiona fupi. Nilipita kituo changu nikiwa nimesimama mlangoni, macho wazi, nikamcheka mtu aliyelala, kumbe aliyekosa kituo ni mimi.

Nilipomwambia kwamba nataka kuleta posa kwao, alifurahi, na alipoanza kueleza mambo ya kwao alieleza polepole zaidi kuliko kawaida ili nisikose hata neno. Baba yake hatakuwa na tatizo. Mama yake tayari anajua, kwa sababu jokofu lao limejaa muhogo. Mwenye neno la mwisho ni bibi yake mzaa baba, ambaye yu karibu na miaka tisini na anakaa nao. Na bibi huyu ana swali moja. Kila aliyekuja kuposa katika ukoo wao aliulizwa swali hilo, na jibu likimkaa vibaya anamwaga chai yake kwenye sahani na mazungumzo yamekwisha. Mchumba wa binamu yake, mhandisi, kijana mwenye gari na adabu, alirudishwa kwa swali hilo.

Nikamuuliza ni swali gani. Akaniambia, na safari hii alisema kwa Kiswahili, kama alivyolisikia kwa bibi yake tangu utotoni:

"Wakati wa vita, kwenu walikula nini?"

Mimi nikadhani ni vita gani tena. Nikasema kwetu Pemba hakukuwa na vita, kulikuwa na mbu. Akacheka lakini si sana. Akasema hajui maana yake, anajua tu kwamba jibu zuri ni mchele.

Ami yangu ni dereva wa basi, na hueleza mambo kama anavyoendesha, anasimama kila kituo. Jumapili ile alikuwa akimenya vitunguu jikoni. Nilipomtajia swali la yule bibi aliweka kisu chini, akacheka peke yake, halafu akaacha kucheka.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa karafuu. Visiwa vilikuwa na karafuu, karafuu ilikuwa ndiyo pesa, na Waingereza waliitaka pesa hiyo itoke kila msimu bila kelele. Kwa hiyo walimwacha Sultani juu ya kiti chake, wao wakakaa nyuma ya kiti. Na waliona ni wepesi kwao kama kila kundi litakuwa na nafasi yake: hawa wenye mashamba, hawa wachumaji, hawa wenye maduka wanaowakopesha wenye mashamba. Ami alisema maisha yenyewe hayakuwa yamepangika hivyo. Walikuwapo Waarabu wasio na ndara, walikuwapo Waafrika wenye mikarafuu yao, walikuwapo Wahindi wanaoziba pancha za baiskeli. Watu wameoana mpaka huwezi kujua pua hii imetoka bandari gani. Lakini serikali ilikuwa haina haja ya pua, ilikuwa na haja ya utulivu na karafuu.

Kituo cha pili kilikuwa vita vile vikubwa vya dunia. Mchele ulikuwa ukija kwa meli kutoka Burma, na Burma ikatekwa, meli zikakatika. Chakula kikawa cha kugawiwa. Serikali ikaamua kwamba kila jamii ipewe kile ambacho serikali ilidhani ndicho chakula chake. Mwarabu na Mhindi, mchele. Mwafrika, sembe.

"Hebu fikiri," Ami alisema. "Umesimama kwenye foleni, tumbo linanguruma, karani anakuuliza, wewe kabila gani. Hujawahi kuulizwa. Unajua wewe mtoto wa fulani wa kijiji fulani, basi. Na nyuma ya karani unaona magunia ya aina mbili. Utamjibu karani au utalijibu gunia?"

Nikasema ningelijibu gunia.

Ami akasema ndivyo alivyofanya mdogo wake babu yetu. Walikuwa ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Mke wa yule mdogo alikuwa na mimba changa, akisikia harufu ya sembe anatapika. Basi yule mdogo alipofika mbele akasema Mwarabu. Karani akamtazama, akaona jibu hilo linatosha, akampimia mchele. Siku ya pili akaenda yule mkubwa, babu yetu sisi. Alikuwa na haraka, karafuu zilikuwa zimeiva na zinadondoka. Akasema Mwafrika kwa sababu lilikuwa ndilo neno aliloulizwa kwanza, akabeba sembe yake akakimbia shambani.

"Kwa hiyo," Ami alisema, "nusu ya ukoo wetu ni Waarabu kwa sababu ya kichefuchefu, na nusu ni Waafrika kwa sababu ya haraka."

Nilicheka mpaka kwikwi ikaja. Lakini Ami hakuwa amefika kituo cha mwisho. Vita vikaisha, mchele ukarudi sokoni, ila majina yale hayakurudishwa. Watoto wa mdogo walikwenda skuli nyingine. Na ulipokuja wakati wa kupiga kura, watu wakubwa walikuta kila mtu tayari ana gunia lake. Kazi iliyobaki ilikuwa kuligombania. Chama hiki cha hawa, chama kile cha wale. Wakaanza kususiana dukani, kisha msikitini, watu wa dini moja wanaomba dua wakiangaliana kwa pembe ya jicho. Yalipotokea mapinduzi, wenye mapanga hawakuhitaji kuuliza nani ni nani. Watoto wa mdogo, waliobaki hai, wako Muscat mpaka leo. Sisi tukabaki Pemba, na baadaye Ami akaondoka kwa siasa nyingine, na akashangaa kukuta kwamba nchi iliyotugawia magunia ndiyo hiyo hiyo iliyompa nyumba Thamesmead.

Halafu akanipa shauri. Niseme mchele. Si uongo mzima, alisema, ni nusu ya kweli, kwa sababu babu yetu mdogo aliula. Nikamuuliza, na babu mkubwa je? Ami akarudi kwenye vitunguu vyake. Akasema babu mkubwa alikuwa na haraka, hatakasirika.

Kwa desturi yetu mposaji haendi mwenyewe. Wazee huenda, yeye hubaki nyumbani akitembeatembea. Hili lilikuwa limenipa raha sana, kwamba Ami ndiye atakayekalia kiti cha moto. Lakini bibi wa Harrow alituma neno kwamba Ami anakaribishwa chai, ila mdomo anaoutaka yeye ni wa kijana mwenyewe.

Wiki ile nilifanya kazi kama mtu aliyeibiwa masikio. Mama wa duka akanikamata ninapachika bei ya samli kwenye mifagio, akanikalisha na kuniuliza. Nikamweleza yote, kwa kwikwi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba hata kwao Kisumu lilikuwapo jambo kama hilo. Baba yake, Mhindu, alikuwa akicheza karata kila jioni kwenye baraza ya duka na rafiki yake Mwislamu, wote watu wa kijiji kimoja Gujarati, wote wakinung'unika juu ya kodi. Waingereza walipoondoka India, nchi ikakatwa vipande viwili huko mbali sana. Hakuna aliyewakata wao. Lakini wiki chache baadaye palikuwa na benchi mbili barazani, na karata zikagawanywa.

"Wakabaki kila mtu na nusu ya karata," alisema. "Sasa utacheza nini na nusu ya karata? Wazee wajinga. Walikaa hivyo mpaka mmoja akakufa."

Nikamuuliza basi nimwambie bibi nini. Akasema yeye anauza vyote viwili, mchele na unga, hawezi kunishauri. Lakini akaenda nyuma akaniletea gunia dogo la mchele wake mzuri kabisa, ule mrefu wenye harufu, akasema nisiende mikono mitupu.

Basi siku ya posa tulipanda treni Ami na mimi, yeye na kanzu na koti juu yake, mimi na suti ya kuazima na gunia la mchele begani. Tulibadilisha treni Farringdon, tukaingia ile ya kwenda Harrow. Nilikuwa nimejaa furaha na woga mpaka sikuhisi uzito. Wala sikuhisi kwamba gunia lilikuwa na tundu kwenye kona. Mtoto mmoja wa Kizungu ndiye aliyeona. Alianza kuokota punje moja moja nyuma yangu na kumpa mama yake, mama yake akamshukuru kila punje. Tuliposhuka, mchele ulitufuata kwenye ngazi, ukatufuata barabarani kupita nyumba zile za pacha pacha zenye bustani mbele. Ami akasema angalau tukifukuzwa tutajua njia ya kurudi.

Tulipokelewa vizuri. Baba wa msichana ni mtu mpole wa maneno machache. Mama yake aliniangalia kisha akaangalia jikoni, nikajua anaukumbuka muhogo. Alikuwapo pia mdogo wa msichana, wa kiume, kijana wa chuo, aliyekaa na simu yake. Msichana mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, na nilipomwona nikaangalia zulia.

Bibi alikaa kwenye kiti cha pembeni, mdogo wa mwili, amejitanda buibui, na kikombe chake kikiwa juu ya sahani. Sahani ile ndiyo niliyoitazama. Nikampa shikamoo. Nikaweka gunia miguuni pake, na punje zilizobaki kwenye tundu zikamwagikia ndara zake. Akaziangalia. Akauliza kama mchele huu unatembea wenyewe. Ami akaanza kusema maneno ya posa aliyoyapanga, maneno mazuri yenye vituo vyote, lakini Bibi akainua mkono kidogo tu, na basi la Ami likasimama.

"Wewe kijana," akasema. "Wakati wa vita, kwenu walikula nini?"

Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno mchele kwenye kioo, kwenye treni, kwa gunia la dengu. Nilifungua mdomo. Na nikaziona zile punje juu ya miguu yake, nikamfikiria babu mkubwa, ambaye sikumjua, akikimbia na sembe yake kwenda kuwahi karafuu za watu, na mimi nimekuja kwa treni mbili kumkana mbele ya kikombe cha chai. Nikaona haya. Haya yangu ya kila siku ni ya kuogopa watu, lakini hii ilikuwa nyingine. Kwikwi ikanipanda, na katikati ya kwikwi nikasema kweli, kwa neno nililozoea dukani.

"Unga, Bibi. Kwetu walikula unga."

Wazee wote wakanigeukia. Ami alifumba macho. Mimi nikadhani ni sembe iliyowageuza, kumbe lilikuwa jambo baya zaidi. Nyie mnaotoka kwetu mmeshafahamu. Kwetu siku hizi mtu anayekula unga si mla ugali, ni yule kijana wa vichochoroni aliyeharibika kwa madawa. Nami nilikuwa nimekaa kwenye sebule ya watu, nimeleta posa, nikiwatangazia kwamba ukoo wangu wote walikuwa mateja.

Yule kijana wa chuo aliinua macho kwenye simu kwa mara ya kwanza. Akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, kama babu yangu alikuwa mtumiaji. Mama yake akamkanyaga mguu. Kutoka mlangoni mwa jikoni nikasikia mtu anajaribu kutocheka na anashindwa.

Bibi hakumwaga chai. Aliniinamia, akanitazama vizuri.

"Unga upi, mwanangu?" akauliza. "Huu wa sindano au ule wa mwiko?"

"Wa mwiko, Bibi," nikasema. "Sembe."

Hapo ndipo alipocheka. Kwanza mabega, kisha buibui lote, kisha kikombe kikaanza kugonga sahani na mwanawe akamwondolea. Alicheka mpaka akatoa meno yake ya bandia akayashika mkononi, na kuyaona mkononi kukamzidishia. Mwanawe naye akaanza kucheka, na Ami, na yule mdogo ambaye hakuwa na hakika tunacheka nini. Mimi nikawa na kwikwi na kicheko kwa pamoja, jambo linaloumiza mbavu.

Alipotulia na kurudisha meno, Bibi alisema kwamba swali lile ameliuliza miaka mingi na hakuna aliyewahi kumjibu sembe. Wote wanamwambia mchele. Hata yule mhandisi alisema mchele, na yeye alijua kwamba anaongopa, ndiyo maana akaimwaga chai. Kusikia hivyo nikamtazama Ami. Ami alikuwa akichunguza dari.

Kisha Bibi akatueleza. Mwanawe alisema baadaye kwamba hadithi hiyo hata yeye hakuwa ameisikia.

Alikuwa mtoto mdogo, Unguja, nyumba yao imegusana ukuta na nyumba ya jirani. Baba yake aliposimama mbele ya karani hakujua aseme nini, kwa sababu babu wa huku alikuwa Mhadhrami na bibi wa kule alikuwa Mmakonde. Karani akamtazama pua, akaandika Mwarabu, akampa mchele. Jirani akatazamwa pua, akapewa sembe. Mchele wenyewe ulikuwa wa vumbi na fukusi. Yeye Bibi alikuwa haupendi. Na mtoto wa jirani, mvulana wa umri wake, alikuwa akililia wali. Basi kila wakati wa kula mama zao walikuwa wakipitisha sahani dirishani. Wali unakwenda kule, ugali unakuja huku. Hivyo hivyo mpaka vita vikaisha.

"Mimi nimekuzwa na sembe yao," Bibi alisema. "Na yule kijana wa jirani amekuzwa na mchele wetu."

Halafu akasema kwamba asubuhi ya mapinduzi, walipokuja mlangoni, mmoja wa waliosimama pale alikuwa ni yule mvulana, amekuwa mtu mzima. Na alichosema ni: nyinyi watu wa mchele, tokeni. Baba yake Bibi alitoka, na hakurudi.

Hakuna aliyekuwa akicheka tena. Bibi alisema kwa miaka yote hiyo hakuweza kuelewa jambo moja. Si panga, panga alilielewa. Ni lile neno. Mchele ule alikuwa ameula yule mvulana, tumboni mwake, kila siku, na alijua kuwa ameula. Lakini jina alilopewa kwenye foleni lilikuwa na nguvu kuliko chakula alichokula. Na yeye Bibi akaja huku ugenini, akakaa Harrow, akalichukua swali la karani na kuwauliza watu, kama vile ameajiriwa.

"Nimemfanyia kazi Mwingereza bure maisha yangu yote," akasema, na akaanza kucheka tena, kidogo, akijifuta macho kwa ncha ya buibui. "Na hata pensheni hakunipa."

Kisha akauliza kama ndani ya nyumba hii kuna sembe.

Nyumba ile ilikuwa nyumba ya mchele kwa amri yake mwenyewe. Mwanawe akasema kwa upole kwamba sembe haijaingia humo tangu walipoinunua. Bibi akasema basi huyu kijana anafanya kazi duka gani kama hawezi kumtafutia mtu mzima sembe, na huyu mjukuu wake amesimama jikoni afanye nini, waende. Na huyu mwingine afuatane nao, aache simu.

Ndivyo ilivyokuwa mara yangu ya kwanza kutembea na msichana wangu barabarani kwa ruhusa. Mdogo wake alitembea nyuma yetu akituuliza kwa Kiingereza maswali juu ya karani na pua, na dada yake anamjibu, na mimi nachomeka Kiswahili mahali wasipojua. Alikuwa akiuliza kweli sasa. Aliuliza hata siku hizi nani anayeamua huyu wa mchele, yule wa sembe. Tulifuata punje za mchele wangu njia nzima, mpaka tukafika mahali njiwa walipozimaliza. Hatukukimbia, halafu tukakimbia. Koti la kijani lilipeperuka mbele yangu. Kwenye duka la karibu msichana aliuliza mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, mbele ya muuzaji Mtamili ambaye hakufahamu neno, kama wana sembe. Nikamwambia, unga. Akasema, sembe. Nikasema, unga. Muuzaji akatusubiri tumalize.

Ugali niliusonga mimi, katika jiko la watu, nimevaa suti ya kuazima, na watu wote wamesimama kunitazama. Kwa haya yangu niliharakisha mwiko, na ugali ukatoka na madonge. Bibi aliula kwa mchuzi wa samaki uliokuwa umebaki. Alikata tonge, akalibonyeza kwa kidole, akala, akafumba macho. Sote tukasubiri.

"Mbichi," akasema. "Lakini aje tu. Atajifunza."

Hilo ndilo lilikuwa jibu la posa yangu. Ami alitaka kusoma Fatiha hapo hapo na mwiko bado uko mkononi mwangu, na tukaisoma, na katika kimya cha baada ya amina nikapiga kwikwi iliyosikika mpaka kwa jirani.

Sasa tunangoja arusi. Si wote waliofurahi. Ndugu zao wengine wamepiga simu kulalamika kwamba mtoto wao anapewa mtu asiyejulikana kabila, na kila anayepiga Bibi anaomba apewe simu, anamuuliza swali lake, na akijibu mchele anamwambia arudi akaulize vizuri kwa mamaye. Wawili hawajapiga tena. Mmoja alipiga, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwao ilikuwa sembe. Bibi amemwalika. Na siku ya arusi amesema vitapikwa vyote viwili, na sahani zipitishwe dirishani, hata kama mlango uko wazi. Mama wa duka anatoa mchele na unga. Amesema ataleta na pakiti ya karata, nzima.

Bado nina kwikwi ninapoandika haya, na dengu zinanichoma kupitia gunia. Ombi langu kwenu ni moja. Bibi haoni vizuri tena kusoma, mimi humsomea. Amesema anataka kujua kabla ya arusi, si kwa kumkataa mtu, ila kwa kujua tu. Kwa hiyo tuandikieni, na wawaulize wazee wale ambao bado wanao: wakati wa vita, kwenu walikula nini, na nani aliyesema kwamba hicho ndicho chenu? Waliochapa haya wataniletea barua zenu. Andikeni kwa mwandiko wowote, na makosa yoyote. Nitajibu kila mmoja, polepole.